Walikolala Askari, na Walikolala Wapagazi

Katika mkutano mkuu wa mwaka jana, Chama chetu cha Wanafunzi wa Zamani kiliamua kwamba safari ya mwaka huu isiwe ya kutazama wanyama wala ya kupunga upepo pwani, bali iwe ya kuzuru mahali palipopiganwa Vita Kuu ya Kwanza katika nchi zetu hizi, na kuweka mashada ya maua penye makaburi ya waliokufa. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu walichaguliwa kufuatana nasi. Kwa kuwa nilisomesha historia miaka mingi, Mhariri ameniomba niandike habari za safari hiyo. Nimekubali kwa furaha, ila wasomaji wasitegemee kusoma humu habari za vyakula tulivyokula na nyimbo zilizoimbwa garini. Nataka kueleza tuliyoyaona, na zaidi ya hayo, tuliyoyatafuta tusiyaone.

Uamuzi ule haukupita bila ubishi. Ndugu yetu mmoja, aliyenitangulia shuleni kwa miaka minne, alisimama akasema: "Vita vile havikuwa vyetu. Mjerumani na Mwingereza waligombania mali isiyokuwa yao. Sasa sisi tupeleke maua kwa nani, na kwa sababu gani?" Wengi walimpigia makofi. Swali lake ni la haki, tena ni swali ambalo kila mwalimu wa historia apaswa kuulizwa. Sikumjibu siku ile, kwani mkutano ulikuwa na mambo mengi. Naomba makala haya yawe ndiyo majibu yangu kwake, kwa heshima zote anazostahili kaka.

Kwa faida ya wanafunzi, kwanza nieleze kwa kifupi vita vyenyewe vilivyokuwa. Vita vilipoanza huko Ulaya mwezi wa Agosti 1914, nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani, na jirani zetu wa Kenya walikuwa chini ya Waingereza. Tarehe 15 Agosti majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakateka mji wa Taveta. Toka siku ile vita havikutulia mpaka tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya amani kutangazwa Ulaya, wakati kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha zake mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, katika nchi ya Zambia. Katika miaka hiyo minne vita vilitembea kutoka miguu ya Kilimanjaro hadi Reli ya Kati, kutoka Rufiji hadi Lindi, vikavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, kisha vikarudi tena. Kila vilipopita viliacha makaburi, na mengine hayakupata hata kuitwa makaburi.

Safari yetu haikufuata tarehe za vita bali ilifuata barabara. Shule yetu iko chini ya Mlima, kwa hiyo siku ya kwanza tulipita Holili tukavuka mpaka kwenda Taveta. Mtu aliyezoea kusoma habari za vita vitabuni hushangaa afikapo huko, kwa jinsi mahali penyewe palivyo padogo. Kilima cha Salaita, kilicho kando ya barabara iendayo Voi, ni kilima cha kawaida kabisa, chenye vichaka na mawe, ambacho msafiri angekipita bila kugeuza shingo. Lakini tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini, waliokuwa wamewasili karibuni, waliamriwa wakiteke. Mizinga yao ilipiga mahandaki yaliyoonekana juu ya kilima, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Makaburu wale walikuwa wamekuja na dharau, wakidhani askari mweusi wa Mjerumani hataweza kusimama mbele yao. Kabla ya jioni walikuwa wamerudi nyuma mbio, na waliowakinga wasiangamie walikuwa Wabaluchi, askari kutoka Bara Hindi ambao Makaburu hao hao walikuwa wakiwadharau vile vile.

Mwezi mmoja baadaye, usiku wa tarehe 11 Machi kuamkia tarehe 12, palipiganwa tena katika vilima viwili vilivyo upande wa pili wa Taveta, Latema na Reata. Batalioni ya 3 ya King's African Rifles, yaani KAR, ilipanda pale pamoja na Wabaluchi na Warhodesia, na mkuu wa batalioni hiyo, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Watu walipigana gizani kwa singe. Kulipokucha, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka, na njia ya kwenda Moshi ilikuwa wazi.

Katika makaburi ya kijeshi ya Taveta tulikuta mambo safi. Mawe yamepangwa kwa mstari, majani yamekatwa, na kila jiwe lina jina, kikosi na tarehe. Mwenyekiti wetu aliweka shada la kwanza, nasi tukasimama kimya kwa dakika mbili. Ndipo mwanafunzi mmoja aliponijia pembeni akaniuliza kwa adabu: "Samahani mzee. Mwalimu alitufundisha kuwa kila askari alihitaji watu wa kumbebea risasi na chakula. Hao nao wamelala wapi?"

Nilitazama mistari ile ya mawe, na jibu la kumwonyesha kwa kidole sikuwa nalo. Nilimwambia aandike swali lake katika daftari, na kwamba tutakwenda nalo mpaka mwisho wa safari. Tangu hapo safari yetu ilibadilika. Tulikuwa tumetoka shuleni kwenda kuwakumbuka wenye mawe, sasa tukaanza kuwatafuta wasio nayo.

Siku ya pili tulishuka Tanga, tukifuata njia ya reli iliyojengwa na Wajerumani na kufika Moshi mwaka 1911. Reli hiyo ndiyo iliyoamua vita vya Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya mji zikiwa na watu kama 8,000, wengi wao askari wa Kihindi waliokuwa wamekaa melini majuma mengi, wamechoka na kuugua bahari. Mkuu wao, Jenerali Aitken, alidhani kuwa Tanga haina ulinzi, naye hakutaka kuwapumzisha watu wake wala kuipeleleza nchi vya kutosha. Waliteremshwa Ras Kasone usiku. Wakati wao wakijipanga ufukoni, gari moshi zilikuwa zikileta askari wa Lettow-Vorbeck kutoka Moshi. Vita vikubwa vilipopiganwa Jumatano ya tarehe 4, Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000 tu, lakini walikuwa wamepumzika na wanaijua ardhi.

Wenyeji wa Tanga hupenda kusimulia habari za nyuki, na ni kweli. Risasi ziliipiga mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, na makundi ya nyuki wenye hasira yakawavamia watu wa pande zote mbili, hata baadhi ya Waingereza wakadai baadaye kwamba hiyo ilikuwa hila ya Wajerumani. Wanafunzi walicheka sana waliposikia hayo. Lakini waliacha kucheka walipoambiwa kuwa Waingereza walipoteza watu 360 waliouawa, na wengine zaidi ya hao walijeruhiwa. Wajerumani walipoteza kama 70, wengi wao wakiwa askari Waafrika. Waingereza walirudi melini tarehe 5, wakaacha ufukoni mamia ya bunduki, bombomu, na risasi zipatazo laki tano, ambazo Wajerumani walizitumia kuendeleza vita kwa muda mrefu.

Tuliweka shada la pili penye makaburi ya waliokufa katika vita hivyo. Nawaomba vijana mfikiri kidogo juu ya watu hao. Kijana wa Kashmir au wa Madras, ambaye pengine hakupata kusikia jina la Tanga hata siku moja, aliletwa kuvuka bahari apigane na kijana wa Kisukuma au wa Kimanyema, ambaye naye hakuwa na ugomvi wowote na watu wa Kashmir. Wote wawili waliuawa chini ya minazi ya mtu mwingine kabisa. Mwenye kuwaombea rehema watu kama hao haungi mkono utawala wa mkoloni. Anamkumbuka binadamu aliyetumwa.

Baada ya Tanga tulikwenda Dar es Salaam, na huko ndiko swali la mwanafunzi wetu lilikopata majibu yake.

Tulianzia makaburi ya vita yaliyoko Kijitonyama, kando ya Barabara ya Bagamoyo. Makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyoko hapo hayakuwa pale zamani. Yalikuwa Ocean Road, karibu na bahari. Mwaka 1968 ilipotakiwa kujengwa barabara mpya, yalihamishwa. Mifupa ilichukuliwa kwa uangalifu, ikapewa mahali papya na mawe yake, ili jina lolote lisipotee. Kazi hiyo ni njema, na walioifanya wastahili shukrani. Lakini nawaomba wasomaji waikumbuke habari hii wakati wakisoma yanayofuata.

Kutoka Kijitonyama tuliwapeleka wanafunzi Kariakoo. Walidhani tumewapeleka sokoni kununua zawadi! Nao walishangaa waliposikia kuwa Kariakoo ni jina la jeshi. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka mahali hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Na huko Nairobi liko eneo la Kariokor, ambalo jina lake lina asili hiyo hiyo. Kila siku maelfu ya watu hununua nyanya, vitenge na simu katika jina la watu waliokufa, wala hawajui.

Kwa nini wapagazi walihitajiwa wengi hivyo? Sababu ya kwanza ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa vitani walikufa kwa ndorobo kwa makumi ya maelfu. Barabara za magari hazikuwapo, na mvua ziliponyesha, hata njia zilizokuwapo ziligeuka matope. Basi kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Mpagazi alibeba ratili 50 au 60, yaani kama kilo 23 mpaka 27, za unga, risasi au vipande vya mzinga. Lakini mpagazi naye hula. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na ghala lake, ndivyo sehemu kubwa ya mzigo ilivyoliwa njiani na wabebaji wenyewe, na hivyo wakatakiwa wapagazi wengine wa kuwabebea chakula wapagazi wa kwanza. Hesabu hiyo haina mwisho. Ndiyo maana upande wa Waingereza peke yake ulichukua watu wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kongo na nchi yetu hii. Wajerumani nao walichukua wao, mara nyingi bila hata ujira.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari. Mwaka 1917, jeshi lilipokuwa likijiandaa kuwafuata Wajerumani kusini, watu walikamatwa kwa maelfu vijijini, wazima na wadhaifu pamoja. Watu waliozoea ndizi au viazi walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, wakaharisha damu. Watu wa milimani walipelekwa katika mabonde ya Rufiji yenye malaria. Watu waliokuwa na kipande kimoja cha nguo walilala mvuani, wakafa kwa kichomi. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache, na waliomalizwa na magonjwa na njaa walikuwa wengi kupita kiasi. Askari waliokufa upande wa Waingereza walikuwa elfu kumi na kitu. Wapagazi waliokufa upande huo huo hukadiriwa kufika karibu laki moja. Na hapo hatujawahesabu wanawake, watoto na wazee wa vijijini, ambao chakula chao kilichukuliwa na vijana wao wa kulima wakaondolewa, kama ilivyokuwa huko Ugogo, ambako njaa iliyofuata bado huitwa Mtunya.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Mimi naongeza kwamba katika vita hivi nyasi zilibebeshwa na risasi za tembo.

Sasa narudi kwa swali la mwanafunzi: hao wamelala wapi? Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya kutunza makaburi ya vita, na kanuni yake ilikuwa nzuri. Kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, juu ya jiwe au juu ya ukuta, bila kubagua cheo, rangi wala dini. Kanuni hiyo ilifuatwa Ufaransa na Ubelgiji. Afrika Mashariki haikufuatwa. Miaka ya 1920 wakuu wa serikali za kikoloni na wa tume hiyo waliamua kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori, na kwamba badala ya majina zijengwe sanamu za jumla. Ndipo ikasimamishwa Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam mwaka 1927, na zile za Nairobi na Mombasa. Sanamu ni nzuri kutazama, lakini sanamu haina ukoo. Mama aliyempoteza mwanawe hawezi kusimama mbele yake akasema, huyu ndiye.

Jambo hili halisemwi na sisi tu. Mwaka 2019 filamu moja ya televisheni ya Uingereza ililifichua jambo hili, ikiongozwa na mbunge David Lammy. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikaunda kamati ya uchunguzi. Ripoti ilitolewa mwezi wa Aprili 2021. Ilisema kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Mwezi wa Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wenye majina ya vibarua weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo. Kwa hiyo ukumbusho wa majina unawezekana hata baada ya miaka mia moja, mradi majina yawepo.

Na hapo ndipo penye shida. Katika ukoo wetu huko Upare, babu yangu mzaa baba alikuwa na kaka yake aliyechukuliwa vitani asirudi. Hatuna habari alikofia. Wazee walipokuwa wakihesabu watu wa ukoo, walipofika kwake walisema tu "yule aliyekwenda na mizigo", wakaendelea. Waliolijua jina lake wamekwisha kufa wote. Basi hata kama kesho Tume ingeniletea jiwe nyumbani, nisingekuwa na neno la kuchonga juu yake. Naamini kaka yetu aliyeuliza swali mkutanoni akichunguza ukoo wake, naye atamkuta mtu wa namna hiyo, kwani ziko familia chache katika wilaya zetu ambazo hazikutoa mtu.

Kwa hiyo jibu langu kwake ni hili. Ndiyo, kaka, vita vile havikuwa vyetu, lakini wafu ni wetu. Tusipowakumbuka sisi kwa sababu vita vilikuwa vya wakoloni, tutakuwa tumekubaliana na wakoloni wale wale walioamua kwamba watu hawa hawahitaji majina. Taifa letu linajua sana kuwaheshimu waliokufa. Kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika Songea kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906. Kule Kaboya, Mkoa wa Kagera, wamezikwa askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979, nao hukumbukwa Siku ya Mashujaa. Ni wapagazi tu ambao hawana siku wala mahali.

Kutokana na safari hii, Kamati imekubali mapendekezo yangu matatu, ambayo nayaleta mbele yenu nyote. La kwanza, ziara hii ifanyike kila mwaka, na kila mara iwe na mahali pamoja pasipo na jiwe: kambi ya zamani, kivuko cha mto, njia waliyopita. Ikiwezekana, mwaka ujao twende Mahiwa, mkoani Lindi, ambako mwezi wa Oktoba 1917 kwa siku nne askari wa KAR na wa Nigeria walipigana na Wajerumani katika vita vikali kuliko vyote vya nchi hii. La pili, katika kila ziara kuwe na mashada mawili, moja la wenye majina na jingine la wasio nayo. Tulilipeleka la kwanza la namna hiyo Kariakoo, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuliweka, mama mmoja muuza mchicha alituuliza ni la nani. Tulipomweleza, alisogeza mafungu yake akatupatia nafasi pembeni mwa meza.

La tatu ndilo kubwa, nalo linawahusu ninyi wanafunzi hasa. Mtakapokwenda likizo, waulizeni babu na bibi zenu: nani katika ukoo wetu alichukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani? Jina lake nani, la baba yake nani, alitoka kijiji gani, alichukuliwa na upande upi, alirudi au hakurudi? Andikeni kama mlivyoambiwa, bila kupamba. Hali kadhalika wenzangu wa zamani, mlio Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na ng'ambo, yaleteni kwa barua au kwa simu mnayoyajua, hata kama ni jina moja tu lisilo na tarehe. Majina yatakayopatikana yatachapwa katika jarida hili mwaka hadi mwaka, na nakala itapelekwa Makumbusho ya Taifa.

Daftari lenyewe limekwisha nunuliwa, nalo liko kwa mwalimu wa historia, katika kabati la maktaba. Mpaka naandika haya lina majina kumi na moja. Ukurasa wa kwanza, kwa ruhusa ya mwalimu, umeachwa wazi kwa ajili ya wale ambao, kama yule wa ukoo wetu, hatutayapata majina yao tena.